Mtoto Si Rehani

Huko Rukanga, chini ya mlima wa Kasigau, Tryphena alikuwa na desturi ya kukagua shamba kabla ya kuamsha watoto. Watoto alijua atawakuta. Mahindi hakuwa na hakika nayo. Ndovu wakipita, mwenye shamba huamka akakuta mabua yamelala chini na nyayo pana kama sinia.

Mwaka ule ndovu walipita, wakarudi, wakapita tena. Yale waliyoyaacha yakamalizwa na jua. Mumewe, Sylus, alitafuta kibarua kwenye mashamba ya mkonge. Siku moja anapata, siku nyingi anakosa. Mwenye njaa hana miiko. Katika nyumba ile walikula mboga za porini bila mafuta, na siku nyingine walikunywa chai ya rangi wakalala.

Ndipo Thadeus alipofika kutoka Taveta. Huyu Thadeus ni kaka mkubwa wa Sylus. Alikuwa na hoteli karibu na stendi, na pia alinunua ndizi kwa wakulima akaziuza Voi. Alikuja na pikapu iliyobeba magunia ya mahindi. Tryphena alipoyaona machozi yalimtoka, wala hakuona aibu.

Thadeus alikunywa chai, akafuta mdomo, akasema, "Sylus, siwezi kula nikashiba na nyinyi mnalala njaa. Nitakuwa nikileta mahindi mpaka mvua irudi. Na Wendy nipeni nikae naye. Ataingia gredi ya saba kule kwetu. Shule iko karibu na hoteli yangu."

Wendy alikuwa mtoto wao wa kwanza, msichana wa miaka kumi na mitatu. Tryphena alitaka kuuliza ni shule gani. Alitaka kuuliza mtoto atalala wapi, na mama yake atazungumza naye lini. Alifungua mdomo, lakini Sylus alimtazama kwa jicho la kumnyamazisha.

Wageni hawaelewi jambo hili, kwa hiyo acha nilieleze. Wazee wa Kidawida, yaani Wataita, waliamini kwamba hasira ya mkubwa ni kitu cha kuogopa. Mkubwa akikasirika moyoni na asiseme, mtoto wa nyumba huugua. Dawa yake ni kutasa. Yule mwenye hasira hupiga funda la maji au pombe ya miwa, akalitema, akatamka maneno mema, na hasira ikatoka. Siku hizi watu wanakwenda kanisani kila Jumapili. Lakini hofu ile haijatoka yote. Kumhoji kaka mkubwa aliyekuja na chakula ni kumchafua moyo. Basi hawakumhoji, na Wendy akapanda pikapu na begi lake la shule.

Miezi ikapita. Mahindi yalikuja kama Thadeus alivyoahidi. Wendy hakuja, hata shule zilipofungwa. Simu ya Thadeus ikipigwa, jibu lilikuwa lile lile: "Yuko masomoni." Hata Jumapili alikuwa masomoni.

Alhamisi moja Khalayi alipita na beseni lake la omena, dagaa wa ziwani. Khalayi ni mke wa fundi wa reli pale Voi, kwao ni Magharibi. Hununua omena Taveta siku za soko, akaziuza kijiji kwa kijiji. Kwa kawaida huyu mama hucheka kabla ya kubisha hodi. Siku hiyo hakucheka.

"Mama Wendy, keti kwanza," alisema. "Jana nilikuwa soko la Taveta. Nimemwona mtoto wako."

"Jana? Jana si ilikuwa siku ya shule?"

"Ndiyo maana nakwambia uketi. Alikuwa amebeba ndizi, mkungu mzima kichwani. Nikamwita. Akaangalia nyuma kwanza, kama mtu anayefuatwa. Mikono yake imepasuka kwa sabuni na maji. Nikamuuliza, Wendy, shule je? Akasema hajawahi kwenda."

"Hajawahi?"

"Hata siku moja. Anaamka kabla ya jogoo, anaosha vyombo vya hoteli, anateka maji, anabeba ndizi. Anakula masalio. Nikamwambia, si urudi kwenu? Unajua alinijibu nini?"

"Niambie."

"Alisema, 'Nikirudi, baba mkubwa hatapeleka mahindi, na wadogo zangu watakufa njaa.' Ndivyo alivyoambiwa. Kisha akakimbia."

Khalayi aliacha kibaba cha omena bila kungoja malipo, akaenda zake. Tryphena alibaki ameketi. Katika sufuria mekoni kulikuwa na ugali wa mahindi ya Thadeus. Aliutazama ugali ule akaogopa kuugusa.

Alichukua simu akampigia Thadeus. Kwa haraka alibonyeza jina la mtu mwingine kwanza.

"Shemeji, nataka kuongea na Wendy."

"Yuko masomoni."

"Nimesikia haendi shule."

Kisha Thadeus akasema polepole, kwa sauti ya upole, na upole huo ndio uliomtisha Tryphena zaidi. "Shemeji, mimi nawalisha. Leo mnaniita mwongo? Moyo wangu ukichafuka, mtoto akiugua, msinilaumu. Hata hivyo msijali. Jumamosi jioni Wendy anavuka mpaka pale Holili. Kuna rafiki yangu huko ndani ya Tanzania, mke wake amejifungua. Atakaa kwao amsaidie. Huko maisha ni mazuri."

"Huko ni wapi?"

Simu ilikuwa imekatwa.

Sylus aliporudi, Tryphena alimwambia kila kitu. Sylus alikaa kwenye jiwe la kunolea panga akashika kichwa.

"Kaka hawezi kufanya hivyo," alisema. "Damu nzito kuliko maji."

"Na kikulacho ki nguoni mwako. Kesho kutwa mtoto anavuka mpaka. Tutamtafuta wapi?"

"Tukienda kugombana naye, hasira yake itampata Wendy. Unakumbuka dada yangu? Baba alikasirika naye, akaugua mwaka mzima."

Tryphena alikumbuka. Na yeye pia aliogopa. Aliogopa kwenda na akaogopa kukaa, na kati ya hofu hizo mbili hakuona mlango. Lakini asubuhi alijifunga leso, akamshika Sylus mkono kama mtoto, wakaenda kwa Mwalimu Mwendwa.

Mwalimu Mwendwa ni Mkamba aliyeolewa pale Rukanga. Alifundisha historia shule ya upili, na pia alikuwa mjitolea wa ulinzi wa watoto katika lokesheni yao. Ni mama wa maneno ya moja kwa moja, asiyejua kupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha aliuliza maswali.

"Wendy anaweza kutoka pale akitaka?"

"Hapana," alisema Tryphena.

"Anapata chochote kwa kazi yake?"

"Sisi tunapata mahindi."

"Anazungumza na nyinyi?"

"Hatumpati kwa simu."

"Na sasa anapelekwa kwa mtu msiyemjua, bila kuulizwa yeye wala nyinyi." Mwalimu alivua miwani. "Jina la kitu hicho ni utumwa."

Sylus aliruka. "Mwalimu, hapana. Utumwa ni minyororo. Utumwa ni Waarabu na Wazungu, ni mambo ya zamani. Huyu ni kaka yangu."

"Keti, Baba Wendy. Minyororo ni aina moja tu. Misafara ya pwani ilipita hapa hapa ikienda Taveta na bara, na watu walitekwa wakauzwa. Hao walifungwa kamba na minyororo, kweli. Ng'ambo ya bahari watu walilimishwa miwa na pamba, na mtoto wa mtumwa alizaliwa mtumwa. Hiyo ni aina nyingine. Wakati wa vita vya Wajerumani na Waingereza, serikali ilikamata wanaume wakabeba mizigo ya jeshi kwa nguvu. Wengi walifia njiani. Hakuna aliyewanunua, lakini hakuna aliyewauliza kama wanataka. Hiyo ni kazi ya kulazimishwa, na ni ndugu wa utumwa."

"Lakini sisi hatukumuuza mtoto," alisema Tryphena. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Najua. Sasa nisikilize vizuri, kwa maana hii inawahusu. Zamani njaa ikiingia milima ya Taita, kuna familia zilizompeleka mtoto kwa watu wenye chakula. Wanapewa nafaka, mtoto anabaki kule akifanya kazi. Aliwekwa rehani. Maana yake, mvua ikinyesha, wazazi watarudisha chakula wamchukue mtoto wao. Na wengi waliowapokea walikuwa sisi Wakamba. Siwezi kuficha."

"Basi bado mna watoto wetu," alisema Tryphena, na kwa mara ya kwanza siku hiyo midomo ilitaka kucheka.

"Wengine ndio mabibi waliozaa wazazi wetu," alijibu Mwalimu. "Kuna waliorudi kwao. Kuna waliooa na kuolewa wakawa watu wa huko. Lakini wako ambao aliyewashika aliwapitisha kwa mtu mwingine, na huyo akawapitisha kwa msafara. Wazazi walipokuja na chakula, mtoto hayupo. Anayeulizwa anasema, mimi sijui, muulize fulani. Mtoto akipitishwa mkono wa pili, njia ya kurudi inafungwa."

Tryphena alishika leso yake kifuani. "Holili," alisema.

"Ndiyo. Holili ndiyo mkono wa pili. Ndiyo maana siwezi kuwaambia mngoje."

Sylus alikuwa akitazama chini. "Na hasira yake, Mwalimu? Wewe si wa hapa. Huijui."

Mwalimu hakumcheka. "Sitakuambia imani ya wazee wako ni upuuzi. Lakini mtu anayemshika mwenzake daima ana kamba. Wengine walitumia chuma. Wengine walitumia kiapo. Siku hizi wengine wanaficha pasipoti ya mfanyakazi. Kaka yako ana kamba mbili. Wendy amemfunga kwa njaa ya wadogo zake. Nyinyi amewafunga kwa hasira yake."

Mwalimu alichukua simu akapiga 116. "Hii ni namba ya kusaidia watoto," aliwaambia. "Haitozwi. Mtu yeyote anaweza kupiga, hata mtoto mwenyewe." Akaeleza jina la Wendy, umri wake, mahali alipo, na kwamba Jumamosi atavushwa mpaka kuingia Tanzania. Baadaye afisa wa watoto wa Taveta alimpigia. Jina lake ni Lorine. Alisema atawajulisha polisi wa mpakani, na akawataka wazazi wafike asubuhi na mapema na cheti cha kuzaliwa cha mtoto.

"Msimpigie Thadeus," aliongeza. "Akijua, atamtoa mapema."

Hilo lilimtia Tryphena hofu mpya. Alikuwa amempigia tayari.

Walisafiri Jumamosi alfajiri. Tryphena alihesabu kila pikipiki iliyobeba msichana, akamwangalia kila mmoja usoni. Sylus alikunywa maji mara kwa mara, na bado midomo yake ilikuwa mikavu.

Afisa Lorine aliwapokea stendi pamoja na askari wawili, mmoja mwanamke. Walikwenda hotelini kwa miguu. Thadeus alikuwa mlangoni akihesabu mikungu. Alipowaona askari, alitabasamu.

"Wageni wangu! Karibuni chai."

"Tumekuja kumchukua Wendy," alisema Tryphena.

"Wendy ameshaondoka. Mmechelewa."

Tryphena alishika meza. Vikombe vikagongana, na wateja wakageuka kutazama. Alijiona amesimama mlangoni kwa watu, akiulizia mtoto aliyepita mkono hadi mkono mpaka hakuna anayemjua.

"Ameondoka na nani?" aliuliza Lorine. "Saa ngapi? Kwa gari gani?"

Thadeus alianza kusema hiki na kile. Wakati huo mkewe, Dinah, alitokea jikoni na mwiko mkononi. Huyu mama alikuwa mtu wa kunyamaza. Alimtazama mumewe, kisha akamtazama Tryphena.

"Mama Wendy, mtoto hajaenda popote," alisema. "Yuko stoo ya ndizi. Amefungiwa kwa nje tangu Alhamisi ulipopiga simu. Funguo anazo yeye."

Thadeus alimfokea mkewe anyamaze. Kisha akamgeukia Sylus, akashusha sauti, ile ya upole. "Ndugu yangu, unaleta polisi kwangu? Mimi niliyekulisha? Moyo wangu umechafuka leo. Umechafuka kabisa. Yule mtoto akiondoka hapa nikiwa hivi, unajua kitakachompata."

Tryphena alimtazama mumewe. Aliogopa Sylus atageuka waondoke. Na kweli Sylus alirudi nyuma hatua moja. Alichukua jagi la maji juu ya meza, akamimina kwenye glasi, akaisukuma mbele ya kaka yake.

"Maji haya hapa, kaka," alisema. "Kama moyo umechafuka, piga funda utase. Hasira ni yako, na dawa yake iko mdomoni mwako. Mtoto ni wangu. Toa funguo."

Thadeus hakuigusa glasi. Askari akanyoosha mkono, na baada ya muda funguo zikatoka mfukoni.

Stoo ilikuwa na joto na harufu ya ndizi zilizooza. Wendy alikuwa pembeni, juu ya magunia, magoti yamegusa kidevu. Alikuwa amekonda hata macho yakawa makubwa. Alipomwona mama yake hakukimbia kumkumbatia. Alisimama wima, mikono nyuma, kama mtu anayengoja kulaumiwa.

"Mama, mimi sikutoroka," alisema. "Mwambie baba mkubwa sikutoroka. Wasinyimwe chakula."

Tryphena alimkumbatia akalia kwa sauti, na Sylus alilia pia, mbele ya askari na wateja wote.

Siku ile ile Wendy alipelekwa hospitalini kupimwa. Thadeus alipelekwa kituoni akaandikisha maelezo, na kesi ikaanza. Afisa Lorine aliwaeleza wazi: sheria ya Kenya inakataza mtu yeyote kumshika mwingine utumwani, na kumpeleka mtoto mahali kwa ajili ya kumtumikisha ni biashara ya watu, hata kama anayempeleka ni ndugu. Wazazi nao walionywa. Tryphena alilikubali onyo hilo, kwa sababu lilikuwa la haki.

"Kuna watu wanaolea watoto wa ndugu zao kwa mapenzi," Lorine alisema. "Hilo halikatazwi. Lakini uliza kabla mtoto hajaondoka. Shule gani? Nenda uione. Atalala wapi? Nenda upaone. Uzungumze naye yeye mwenyewe, bila mtu kusimama pembeni. Anayekasirika ukimuuliza habari za mtoto wako, huyo usimpe mtoto."

Nyumbani njaa ilikuwa bado ipo. Hadithi haiwezi kuipuuza. Lakini safari hii hawakuificha. Mwalimu Mwendwa aliwapeleka kwa chifu, wakaandikishwa chakula cha msaada. Shuleni Wendy na wadogo zake walipata chakula cha mchana. Tryphena alijiunga na kikundi cha akina mama waliotundika mizinga ya nyuki kuzunguka mashamba, maana ndovu, pamoja na ukubwa wake, humwogopa nyuki.

Jambo moja liliendelea kumtisha Tryphena. Wendy alikuwa mtiifu mno. Kabla ya Taveta alikuwa mtoto wa kubishana hata juu ya chumvi. Sasa ukimwita jina anasimama. Ukikohoa anakimbilia maji. Hakula mpaka aambiwe kula. Usingizini aliosha vyombo, mikono ikizunguka hewani. Tryphena alimtazama akaogopa kwamba mtoto aliyerudi ni mwili tu. Alimuuliza Mwalimu afanye nini. Mwalimu akasema, "Mpe muda. Usimtume kama mtumishi. Mwombe, na umshukuru."

Wendy alirudi shule, akaingia gredi ya saba. Wenzake walikuwa mbele, naye akawafuata polepole. Mvua za vuli zikanyesha. Mahindi yakashika.

Jumamosi moja mchana, baada ya chakula, Tryphena alikuwa akipepeta maharagwe nje. Vyombo vilikuwa vimelundikana kwenye beseni. Bila kufikiri, alisema, "Wendy, mama, nioshee hivyo vyombo."

Wendy alikuwa amejilaza kwenye mkeka na kitabu. Hakusimama.

"Kwani leo si zamu ya Vincent?" alisema. "Mimi niliosha jana. Sioshi."

Vincent, mdogo wake, alikodoa macho akingoja mama apandishe sauti. Wendy mwenyewe alishtuka kwa alichokisema, uso ukabadilika, akaanza kuinuka haraka.

"Kaa," alisema Tryphena. "Endelea kusoma." Aliweka ungo chini kwa sababu hakuweza tena kuona maharagwe. "Vincent, osha vyombo."

Vincent alinung'unika mpaka kwenye beseni. Wendy alimtazama mama yake kwa muda, kisha akajilaza tena na kufungua ukurasa.